Msamaha wa Jemadari

Sinema ilikuwa moja tu, na watu wa Nyabiondo walikuwa wameiona mara kumi na moja. Padri alipokimbia vita mwaka ule wa 1964 aliiacha pamoja na mashini yake, na mwalimu Polycarpe akaendelea kuionyesha kila Jumapili mchana katika darasa la sita, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Wazungu wa Amerika ndio walioitengeneza, habari za jemadari mmoja wa Roma ya zamani, na midomoni mwao waliwekewa Kifaransa. Polycarpe alisimama kando ya ukuta akaeleza kwa Kiswahili.

Kueleza tu? Thubutu! Polycarpe alisoma seminari miaka minne, na uongo wa sinema haukumpita hivi hivi. Akiona askari wa Roma wanakatiza shamba la mahindi, anapaza sauti: "Uongo! Wakati ile Roma haikukuwa na muhindi hata moja!" Darasa zima linaangua kicheko. Wamama nao walikuwa na yao: yule mkulima wa kwenye sinema anashika jembe kama anafukuza nyoka, tena anapanda wakati jirani yake anavuna! Rosalie, mke wa Polycarpe, alicheka mpaka machozi. Lakini alimpenda jemadari vile vile, na joho lake jekundu, na uongo wake wote. Alimpenda zaidi pale mwishoni, anapopanda farasi mbele ya mateka na kuamuru wafunguliwe. Hapo watu wote humgeukia Polycarpe, naye husema yale yale: "Hapa njo uongo mukubwa. Kitabu changu cha historia kinasema alibaua bote, mumoja mumoja, kando ya barabara."

"Papa Anne, tuachie sinema yetu!" Rosalie humpigia kelele, akimwita kwa jina la binti yao, na watu wanarudi makwao wamefurahi.

Jumapili ya kumi na mbili hawakurudi wamefurahi.

Asubuhi askari waliingia kwa kamio, lori la jeshi, wakitokea Mweso. Njiani walikuwa wamekamata wanaume sita wenye magunia ya muhogo, wakadai kwamba wanawalisha waasi wa msituni. Mmoja wa wale sita alikuwa Honoré, mdogo wake Rosalie wa tumbo moja, na gunia lake alikuwa anampelekea mama mkwe. Wakafungwa kamba, wakakalishwa chini ya ukuta wa shule. Kila mtu alijua wanaofungwa namna ile huishia wapi. Lakini komanda wao alipoiona mashini ya sinema, uso ulimchangamka.

"Nitaangalia sinema kwanza," alisema. "Kisha nitakata maneno ya hawa batu."

Rosalie alikaa benchi la pili. Mahindi yalipita, hakuna aliyecheka. Polycarpe alieleza kwa sauti ya chini, hakukosoa kitu, na mkulima akashika jembe lake anavyotaka. Lakini Rosalie alimjua mumewe. Miaka tisa ya ndoa hajamsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfariji mgonjwa. Na ule mwisho ulikuwa unakuja. Ee Mungu, aliomba, mkanda uungue, mashini izime, chochote kile.

Haikuzima. Jemadari alipanda farasi, akanyoosha mkono, mateka wakafunguliwa. Na darasa zima, kwa mazoea tu, likamgeukia Polycarpe.

Komanda aliona. "Mbona banakuangalia, Mwalimu?"

Jasho lilimtiririka Polycarpe mpaka kwenye kola. Rosalie alikamata benchi kwa mikono miwili.

"Banangoja niseme kama iko kweli, Komanda. Nilisomaka ile historia katika kitabu."

"Na iko kweli? Alibasamehe?"

"Alibasamehe," alisema Polycarpe. "Bote."

Rosalie alishusha pumzi. Aliishusha mapema mno.

"Mimi pia nilisomea kwa mapadri," alisema komanda. "Nataka kuona na macho yangu. Mama, wewe njo bibi yake? Kimbia, lete kitabu."

Nyumba ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Rosalie alikwenda na askari nyuma yake. Askari akabaki mlangoni kuwasha sigara. Kitabu kilikuwa juu ya kabati, na ukurasa haukuhitaji kutafutwa, kwa maana Polycarpe aliupigia mstari kwa penseli nyekundu. Rosalie alikohoa kwa nguvu, akauchana, akausukuma kifuani ndani ya nguo.

Komanda alikifungua kitabu mlangoni pa darasa, penye mwanga. Alisoma taratibu, kidole kinafuata. Akageuza. Kidole kikasimama.

"Ukurasa mia moja na kumi na mbili," alisema. "Kisha mia moja na kumi na tano."

Alimtazama Rosalie.

"Panya, Komanda," alisema Rosalie. "Hapa kwetu iko panya mingi."

"Panya ya mayele, ya akili. Inachagua ukurasa." Aliwatazama wale sita chini ya ukuta, kisha akacheka, na kicheko kile hakuna aliyekipenda. "Lakini ile sinema naipenda. Yule muzee anajua kupanda farasi. Mubafungue."

Honoré alimwangukia dada yake shingoni, analia kama mtoto. Rosalie alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akainua macho kumtafuta mumewe. Askari walikuwa wanapakia mashini kwenye kamio. Polycarpe alikuwa tayari juu, kati ya bunduki mbili.

"Tunaenda Walikale," alisema komanda. "Batu yangu habasikii Kifaransa. Mwalimu atabaelezea sinema kila siku." Alimrudishia Rosalie kitabu. "Na siku atabaelezea mwisho ingine, nitajua panya ilikula nini."

Kamio ikashika njia ya Kashebere, ya kuelekea Walikale. Polycarpe alimtazama mkewe, hakupunga mkono. Rosalie alibaki katikati ya uwanja, kitabu mkononi, ukurasa ungali kifuani, na Honoré anamvuta nguo waende nyumbani. Hakumsikia.

"Sema uongo, Papa Anne," alikuwa ananong'ona. "Nakuomba. Sema uongo kila siku."