Shemasi wa Miguu Minne

Mbwa yule alikuwa na jina lililomkera Fundi kila lilipotajwa: Shemasi. Babu ndiye aliyempa. Kila Jumapili mbwa alimsindikiza babu mpaka kanisani, akajilaza kizingitini ibada nzima na, tofauti na mashemasi wa ndani, hakusinzia hata mara moja. Watu walicheka sana. Fundi hakucheka. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kiti cha mbele, na hakuona kwa nini cheo cha nyumba ya Mungu apewe mbwa koko mwenye sikio lililochanika.

Babu, kama nyumba nzima ilivyomwita, alikuwa baba yake Fundi, mjane aliyeanza kufunikwa macho na mtoto wa jicho. Alikaa kwa mwanawe, kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, Shemasi akiwa uvunguni.

Fundi alikuwa mshona viatu, na tuseme ukweli, mtaa mzima hakuwa na mpinzani. Kutwa aliwapigia wateja magoti, akichora nyayo zao kwenye karatasi. Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Viatu alivyomshonea baba yake, vyeusi, vya ngozi inayong'aa, hakuvipimia kabisa. Alichukua kalibu ya zamani, ule mguu wa mti wa kushonea viatu, ya enzi babu alipokuwa bado mtu wa mbio, akashonea hapo.

"Miguu ya baba yangu naijua," alimwambia mkewe.

Viatu vile alivionyesha kwa kanisa zima. Sasa mchungaji alikuwa amempa aongoze ibada ya kutawadhana miguu, na Fundi alishaipanga kichwani: ataanza na baba yake, mbele ya wote, kwa taulo jipya jeupe. Watu wataona kazi ya mikono yake na unyenyekevu wa moyo wake kwa mkupuo mmoja. Kilichobaki ni babu kuja, na babu siku hizi kila Jumapili alisema mwili umechoka.

Jumamosi alasiri Fundi alirudi nyumbani na kalibu kwapani, akamkuta Shemasi katikati ya sebule anatafuna kiatu cha kushoto. Hakuuliza. Alimtandika na ile kalibu mguu wa nyuma. Mbwa alilia kilio kimoja kikali, akatoka nje akichechemea.

"Mwanangu, mwache," babu alisema kutoka kitini. "Hana kosa."

"Hana kosa? Kesho utatawadhwa bila viatu?"

"Kwani kuna watu hutawadhwa na viatu?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

Fundi alijifanya hakusikia. Alikwenda barazani na shazia, ile sindano yake nene, na uzi, akaingiza mkono ndani ya kiatu ili anyooshe ngozi iliyotafunwa. Vidole vikakuta kitu kigumu. Akakigeuzia kiatu mwangani. Sehemu yote ya kisigino, kwa ndani, ilikuwa na damu iliyokauka. Mbwa hakutafuna ovyo. Alitafuna pale pale penye damu. Fundi akachukua na cha kulia, nacho kilikuwa hivyo hivyo.

Akaingia jikoni navyo vyote viwili.

"Tangu lini?"

Mkewe aliacha sufuria aliyokuwa anaosha. "Tangu siku ya kwanza alipovivaa. Miguu imevimba, wewe umeshona vya kijana."

"Na hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mwanangu amejivunia viatu hivi mbele za watu, usimtie aibu.' Huwa namsafisha ukiwa kazini. Nikichelewa, Shemasi anamlamba. Viatu hivyo nimeviokota jalalani mara nyingi tu, mbwa kavipeleka. Mimi ndiye niliyekuwa navirudisha, Mungu anisamehe."

Fundi alisimama pale kama aliyesahau alichofuata. Alikumbuka soksi. Joto lote lile, babu alikuwa na soksi nzito, miguu ameificha chini ya kiti, na yeye alikula naye meza moja kila jioni bila kuuliza. Miguu ya wageni aliishika kutwa. Alijichukia, na hakutafuta la kujitetea.

Alitoka hadi langoni. "Shemasi!" aliita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina lile. Hakuna kilichokuja.

Akarudi ndani, akapasha maji, akatia chumvi kidogo, akachukua taulo jipya jeupe. Kiza kilikuwa kimeanza kuingia sebuleni na babu alikuwa anasinzia. Fundi alipiga magoti. Soksi zilikuwa zimeshikana na vidonda, ikabidi azilowanishe kwanza. Zilipotoka, akaona alichokifanya, na machozi yakamtoka.

"Umerudi, Shemasi?" babu alisema, macho ameyafumba. "Pole kwa kipigo. Usimwekee kinyongo, ni mwanangu yule. Si mtu mbaya. Hatazami chini, basi."

Fundi alitaka kusema, ni mimi, baba. Akaendelea kuosha.

Mkono wa babu ukashuka kutafuta lile sikio lililochanika, ukakuta upara. Ukasimama. Fundi naye akaacha kuosha, maji yakimchuruzika viganjani. Kisha ule mkono ukaendelea kupapasa taratibu, vile vile.

"Maji bado yana moto?" babu aliuliza.

"Yana moto, baba."

"Basi usiusahau na wa kulia."

Kizingitini kulikuwa na mkwaruzo wa kucha. Shemasi alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, hajui kama anaruhusiwa. Fundi akasogea pembeni, bado yuko magotini, akamwachia nafasi.