Nyekundu Isiyotoka Sufuriani

Kiptanui, afisa wa afya, alipofika nyumbani kwa Nyaruai nje kidogo ya mji wa Kitale, aliwakuta akina mama wameketi nyasini wakifuma vyondo, vikapu vyao vya kuuza, kila mmoja na uzi mweusi wa mkonge kati ya meno. Hivyo ndivyo walivyofuma siku zote. Uzi ukikauka hukatika, kwa hiyo unaulowesha kwa mate, unausokota pajani, unaendelea. Nyaruai alifunzwa hivyo na mama yake huko Nyeri, naye akamfunza hivyo Nasambu, mke wa mwanawe.

Waliposimama kumpa kiti, Kiptanui alikataa akaketi chini pamoja nao. Nyaruai alimpenda kwa hilo. Akaomba aonyeshwe poda ya ile rangi nyeusi, na Nasambu, aliyekuwa akikipikia kikundi kizima rangi tangu aolewe, akamletea mfuko mdogo wa nailoni usio na maandishi yoyote.

"Mnanunua wapi hii?"

"Sokoni. Wanatuchotea na kijiko kutoka kwa pipa."

"Hilo pipa ni la kiwanda cha ngozi, mama. Lilikuja na onyo limebandikwa, mtu akalibandua ndio auze. Rangi ya aina hii ikiingia mwilini inavunjika, inageuka sumu inayoweza kuleta saratani ya kibofu. Sheria haikubali iuzwe hivi. Msiishike na mikono mitupu. Msivute mvuke wake. Na huo uzi, tafadhali, utoeni mdomoni."

"Sasa tufume na miguu?" akauliza Rosaline, jirani mwenye maneno kuliko wote. "Wewe kijana, bwanangu amekutuma? Amekuwa akitafuta kitu cha kunifunga mdomo!"

Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kiptanui naye akacheka, kisha akawaachia glavu alizonunua kwa pesa zake mwenyewe, akaenda na ile poda.

Nasambu hakucheka. Nyaruai aliliona hilo, lakini hakutaka kumuuliza mbele za watu.

Siku zilizofuata alimtazama tu, jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayeanza homa. Nasambu alikuwa mtu wa kuinuka kabla ya wote na kumchemshia mama mkwe maji ya kuoga, asikubali ashike ndoo hata siku moja. Sasa aliinuka mapema zaidi, akaenda choo, akarudi, akaenda tena. Na kila jioni alikunywa kikombe kikubwa cha maziwa, amefumba macho kama anayemeza dawa.

Asubuhi moja, wakiwa wawili jikoni, Nyaruai alimuuliza.

"Mama Gichuki, mbona unaenda choo hivyo?"

"Ni baridi, Shosho," akajibu Nasambu, akimwita bibi kama mwanawe Gichuki alivyomwita.

"Baridi gani ya kumfanya mtu ashike ukuta?"

Nasambu alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Ni rangi tu," akasema. "Inatoka. Si unajua vile hutoka?"

Nyaruai alijua. Kila mmoja kikundini alijua. Ukipika rangi nyekundu, mikono inakuwa myekundu, mate yanakuwa mekundu, na usishangae na mkojo ukifuata. Unakunywa maziwa, unangoja mwili ujisafishe. Hakuna aliyewahi kumpeleka mtu hospitali kwa jambo hilo. Waliambiana kwa vicheko, kama watu wanaolinganisha madoa ya aproni.

Lakini sasa Nyaruai aliweka mwiko chini.

"Nyekundu tulipika lini mara ya mwisho?"

Nasambu alifikiri. Siku hizi wateja walitaka vyondo vyeusi pekee. Nje, watu walikuwa wakivuna mahindi, na Krismasi nyingine ilikuwa karibu.

"Kabla ya Krismasi iliyopita," akasema, akageuka kumtazama Nyaruai.

Walienda Bungoma, kwa sababu Nakhumicha, dada yake Nasambu, alikuwa muuguzi katika hospitali moja huko. Nakhumicha aliwapokea mlangoni. Kwanza akampa Nyaruai uji, ndipo akamshika dada yake mkono na kumwingiza kupimwa.

Daktari alikuwa msichana mpole. Aliketi kitandani kwa Nasambu na kuzungumza polepole. Alisema hawezi kuapa kuwa ni rangi iliyoleta uvimbe ule, lakini kazi yake na ugonjwa wake vinafuatana. Uvimbe ulikuwa umepenya ukuta wa kibofu na kufika kwenye ini. Wangempa dawa ya kumpunguzia maumivu, na ya kujaribu kuuchelewesha. Kuuondoa kabisa hawangeweza.

Jioni Nyaruai alimpaka mafuta miguuni. Ngozi ya nyayo ilikuwa nyeusi kwenye nyufa, na haikutakata.

"Shosho, rudi nyumbani."

"Nani atakulisha?"

"Nakhumicha yuko. Wewe nenda uwaulize wale wengine."

"Niwaulize nini?"

"Vile uliniuliza mimi. Bila wewe ningekuwa bado nakunywa maziwa."

Nyaruai alirudi. Alikuta Rosaline amemkamulia ng'ombe siku zote hizo na kuwapikia wajukuu, bila kuombwa. Akina mama walipokusanyika kumpa pole, aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Katika umri wake wote hakuwahi kutamka neno kama alilokuwa karibu kulisema mbele ya wanawake aliowazidi umri hivyo.

"Nataka kila mmoja aniambie," akasema, "mkojo wake ni wa rangi gani."

Mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akainamisha kichwa. Mwingine akajibu kuwa wake ni wa kawaida. Aliyefuata vilevile. Ilipofika zamu ya Rosaline, walimngoja aseme mzaha wake.

Rosaline alitazama mikono yake.

"Lakini si ni rangi tu, Shosho?" akasema kwa sauti ndogo. "Si ni rangi?"

Nyaruai alisogea nyasini mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mkono.

"Kesho asubuhi," akamwambia, "mimi na wewe tunaenda Bungoma."