Chukua Moroni Yote

Ukitaka kumjua mtu, mtegee kitendawili uone anavyokunja uso. Koultoumi alitoka Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, akajiunga na kikundi cha maigizo cha Magoudjou, mtaa wa Moroni, na tangu siku ya kwanza Fakri alimkunjia.

Kikundi kile hakikuwa na mtunzi. Mmoja huleta kitendawili, wenzake wakakichezea mpaka kikawa mchezo, na siku ya maonyesho watazamaji ndio wateguaji. Wakishindwa hutoa mji, ndipo waambiwe jibu.

Koultoumi akaleta chake: "Kaja bila mkeka, kakalia mkeka wetu, sasa atuuliza tutalala wapi."

Wote wakamjua mgeni huyo. Askari wa kizungu wa kukodiwa walikuwa mwaka wa pili kisiwani Ngazidja. Fakri akaitaka sehemu ya mgeni, akajitafutia na koti la kijeshi, maana alipenda kuchekwa. Lakini lawama hakuitaka.

"Huyu atatufungisha, kisha apande boti arudi kwao," alisema. "Watu wa Ndzuani kazi yao kuwasha moto kwa jirani."

"Na wa Ngazidja kazi yao kuuota," Koultoumi akajibu.

Bi Batoul, mkubwa wao, akakata maneno. "Mchezo ukiharibika Ijumaa, aliyeharibu atoke."

Ijumaa baada ya alasiri, ua umejaa, askari mmoja wa kizungu akaingia na mkalimani wake, wakakaa mbele. Mchezo haujafika nusu, askari akasimama.

"Anauliza nani katunga," mkalimani akasema.

Jibu la kikundi lilikuwa moja siku zote: tumetunga sote. Fakri akanyoosha kidole. "Yule. Wa Mutsamudu."

"Na jibu lake?"

Fakri akatabasamu. "Tumeshindwa, dada. Mji tunakupa. Chukua Moroni yote. Haya, sema."

"Nimeichukua," Koultoumi akasema taratibu. "Nimelala, nimeamka, nimekula vya wenyewe. Jibu ni paka."

Watoto wakacheka, kisha mama zao. Mzungu, alipotafsiriwa, hakucheka. Alilikagua koti la Fakri kifungo kwa kifungo, akatoka.

Walipobaki wenyewe, Fakri akasema, "Una bahati. Kafungashe."

"Niende wapi? Mji umenipa wewe mbele ya watu, na mji uliotolewa haurudi." Koultoumi akaukunja mkeka wa mchezo, akautia kwapani. "Vua koti, mgeni. Tuambie utalala wapi."

Fakri akamtazama Bi Batoul. Bi Batoul alikwisha kunyoosha mkono kulipokea koti.