Basi Lipitalo Jikoni kwa Akina Haugen

Mama Lorna Haugen aliepua kikaango cha mayai, akakipandisha juu ya friji, kisha akasukuma meza ya chakula hadi ukutani. Basi la shule lilikuwa limeshafika kwenye sanduku la posta la pale nje barabarani, na tangu Septemba basi la shule lilipita jikoni kwake.

Liliingia kwa upande wa sinki, la njano, refu, likasimama katikati likinguruma. Mkono wake mwekundu wa ubavuni, wa kusimamisha magari, ukafunguka juu ya jiko. Pale Nebraska, Marekani, kila mtu anaijua sheria: mkono ukiwa nje, hakuna kupita. Mumewe, Bwana Orrin, alikuwa akielekea kwenye sukari. Akaganda na kikombe mkononi, raia mwema.

"Ona matope hayo," Mama Lorna alisema. Hilo ndilo lililomkera.

Binti yao Tirzah, wa miaka kumi na mitano, aliendelea kupaka siagi. Yeye alisoma papo hapo mezani, katika shule ambayo mama yake aliianzisha ili kumkinga na shule. Alikuwa kiranja mkuu. Kila muhula alikuwa wa kwanza darasani na wa mwisho pia, ila hilo la pili halikutajwa kwenye cheti. Siku ya michezo alishinda mbio zote, mama yake akishangilia kwa niaba ya umati.

Marafiki nao walikuwa kwenye ratiba. Kila Ijumaa familia zinazosomesha watoto nyumbani zilikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa. Akina mama waliketi kando ya ukuta na visahani vya keki, kisha mmoja akapiga makofi: "Haya, fanyeni urafiki!" Watoto wakafanya. Ezra Pruitt, ambaye suruali yake ilipigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe, alimpa Tirzah mkono akamweleza habari za mvua. Ijumaa iliyofuata akamweleza habari za mvua ileile.

Ndani ya basi hakukuwa na ratiba. Dirisha lililosimama mbele ya Tirzah lilikuwa la Keely Voss, msichana aliyejikata nywele mwenyewe, tena kwa hasira. Siku ya kwanza alinyoosha mkono akachukua mkate wa Tirzah.

"We! Huo wangu!"

"Ulikuwa. Mbona hauna jamu? Nyumba gani hii?"

"Jamu ni Jumapili."

"Eti Jumapili! Maskini wee. Na jina je, unalo, au nalo mpaka Jumapili?"

Tirzah alicheka hadi maziwa yakamtoka puani, jambo ambalo halikuwahi kutokea Ijumaa. Tangu hapo walipiga soga kila asubuhi, kwa muda uleule mkono unapokuwa nje. Keely akaanza kumwekea kiti kwa begi lake. Aliyethubutu kukikalia alikula kiwiko.

"Kiti chako hiki, shoga. Panda basi, unaogopa nini?"

Asubuhi moja ya Novemba Tirzah alivaa koti, akainuka, akaweka mguu kwenye ngazi ya basi.

"Una hesabu saa hizi," Mama Lorna alisema, bila kupandisha sauti.

"Nataka kwenda nao, Mama."

"Kwenda wapi? Shule yako si hii hapa?"

Dereva, mzee Verle, alizima redio. "Mimi nahitaji mzazi mmoja tu," alisema. "Mmoja akisema ndiyo, tunaondoka. Bwana Orrin?"

Basi zima likamgeukia, pua zimebanwa kwenye vioo. Tirzah naye akamgeukia. Bwana Orrin alitazama sukari.

"Mkono uko nje," alisema. "Siruhusiwi."

"Kusogea ndiko huruhusiwi, Baba. Kusema unaruhusiwa."

Bwana Orrin alilitafakari jambo hilo kwa makini, kama alivyotafakari mambo yote, mpaka likapita.

Tirzah akashusha mguu. Mkono ukajikunja, basi likatoka kwa upande wa mashine ya kufulia, na Bwana Orrin akaifikia sukari yake.

Ijumaa, ukumbini, Mama Lorna aliweka kisahani chini. "Watu wanasema watoto wetu hawana marafiki. Mimi jikoni kwangu hupita watoto basi zima!"

"Bahati yako, Lorna," mama yake Ezra alisema kwa kijicho. "Kwetu hupita gari la taka tu."

Wakakubaliana kwamba suala la marafiki limekwisha, wakaongezana keki. Muhula huo Tirzah alipata cheti cha urafiki. Alikuwa wa kwanza.

Basi bado linapita. Jamu sasa ni ya kila siku. Mama Lorna ameiruhusu, kwa ajili ya urafiki. Tirzah hupaka vipande viwili, kimoja akakipitisha dirishani. Basi likifika kwenye sanduku la posta, Keely huondoa begi kwenye kile kiti na kukifuta kwa kiganja. Likifika kwenye mashine ya kufulia, hulirudisha. Katikati hapo Bwana Orrin husimama wima na kikombe chake, akingoja mkono uingie. Siku hizi hutia sukari mapema.