Sufuria ya Hollis

Kama kuna mwanamke mwingine kaskazini mwa Alabama aliyefungua friji kutafuta siagi akakuta kamba wa mtoni wamesagwa ndani ya chupa ya jamu, ajitokeze tulie pamoja. Mimi nimechoka kulia peke yangu.

Mume wangu Hollis alianza kupika mafuta yake ya kuvulia samaki Januari: kamba, chumvi, mafuta ya samaki na kitunguu saumu. Unayapaka kwenye mnyoo wa plastiki, ule wa chambo, unautupa ziwani, na samaki aitwaye besi akishauma, eti hautemi. Kila wiki aliongeza kitunguu. Mapazia yalinuka, mito ya kulalia ilinuka, na kanisani watu walituachia benchi zima. Siku moja alikunywa maziwa yaliyochacha mpaka mwisho, akaweka glasi chini kana kwamba hakuna kitu. Nikajisemea, huyu sasa ananikomoa.

Nikilalamika, jibu lilikuwa moja: "Samaki ndio watakaosema."

Basi nikamwambia waseme. Mimi nitavua na minyoo mikavu, yeye na ya mafuta, rangi moja, ndoano za aina moja. Anayekaa mbele ya boti ndiye anayewahi maji ambayo hayajaguswa, kwa hiyo saa sita tutabadilishana viti. Minyoo ya mafuta isipoishinda mikavu, sufuria inatoka jikoni kwangu na hairudi.

Hollis alifunika sufuria kwanza. "Sawa," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetania.

Jumamosi ziwani tulimkuta jirani yetu Dewitt anashusha boti yake. Alisimama mbali, kakunja pua.

"Hollis, kaka, leo samaki unawavua au unawazika?"

"Utakuja kuniomba, wewe."

"Orlene, hujabeba ndizi humo?" Kwetu ndizi ndani ya boti ni nuksi.

"Nimembeba Hollis," nikamwambia. "Nuksi inatosha."

Hollis alinawa kwa sabuni ya ndimu, akajisugua mikono kwa tope la ziwani kama tunavyofanya sote ili samaki wasisikie harufu ya petroli. Akanivalishia mnyoo wangu kwenye ndoano yeye mwenyewe, kwa uangalifu wa daktari.

Samaki wakauma. Akivuta yeye, navuta mimi. Tulipobadilishana viti, ikawa vilevile. Mpaka alasiri tulikuwa sare kabisa, na mimi moyoni nimeshaanza kulipangua jiko, sufuria nje, madirisha wazi. Hollis alizidi kunyong'onyea. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo tu.

Kilichoniharibia raha ni Dewitt. Alipita karibu nasi, kapu lake tupu.

"Mnawapa nini nyie? Mimi natupa mnyoo huohuo kama wenu tangu alfajiri, mkavu, hata kuguswa haujaguswa."

Mkavu. Na wangu je? Mnyoo wangu ulikuwa umechanika, nikafungua boksi la minyoo mwenyewe nichukue mwingine, nikausogeza puani. Kitunguu saumu kikanipiga mpaka machozi. Boksi lilikuwa moja, minyoo yangu upande huu na yake upande ule, kati yao kikuta chembamba cha plastiki. Mnyoo wa plastiki hunyonya harufu kama siagi iliyolala na kitunguu. Aliyenifundisha hilo ni Hollis, kwa hiyo alijua.

Ningeweza kunyamaza. Sare ilikuwa yangu, na jiko langu. Lakini kudanganywa sipendi.

"Hollis, umeniwekea minyoo yenye mafuta."

"Mikavu hiyo. Niliinusa mmoja mmoja."

"Nusa tena."

Akaupeleka puani, akavuta pumzi ndefu. "Plastiki tu, mama."

Damu ikanichemka. Uongo wa mchana kweupe, tena ndani ya boti moja. "Fumba macho," nikamwambia. Nikafungua chupa yake ya mafuta, nikaiweka chini ya pua yake, karibu kabisa. Mimi mwenyewe niligeuza uso. "Haya, hii nini?"

Alivuta pumzi. Akavuta tena. Macho kafumba, uso umetulia kama mtoto anayeulizwa swali darasani.

"Plastiki?" akasema.

Nikakumbuka yale maziwa yaliyochacha.

"Tangu lini, Hollis?"

"Tangu ile homa ya Krismasi."

"Na mikate yangu? Kila asubuhi unaniambia inanukia."

"Nasikia mlango wa oveni." Alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, mikono iliyokuwa safi. "Nilijisemea nikitengeneza kitu kikali vya kutosha, siku moja kitapenya puani. Kila wiki naongeza. Nikakuona unakasirika, nikajua kinanuka, nikapata moyo."

Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Miezi yote ile nimenuka hadi kanisani, na huyu mtu alikuwa anasoma uso wangu badala ya kuniambia. Nilitaka kumtosa majini. Nikamshika mkono.

Dewitt alikuwa anazunguka kurudi. "Enhe, Orlene, wewe husemi uongo. Mafuta ya mzee yanafanya kazi?"

Hollis alitazama maji.

"Bado," nikasema. "Tutaongeza kitunguu."