Mbegu Alizonipa Mama

Mbegu alizonipa mama zilinikaidi msimu mzima, mpaka nikaanza kuzitukana. Nilizisugua kwa msasa, nikaziloweka katika maji ya moto, nyingine nikazitumbukiza katika maji ya betri niliyoomba kwa fundi wa magari kule Gatsata. Ganda la mbegu za kichaka kile cha dawa ya ini ni gumu, lazima ulijeruhi ndipo chipukizi litoke. Zangu nilizijeruhi hadi nikachoka, na haikuota hata moja.

Mama alikuwa mganga. Kabla ya kufa alitugawia mbegu mimi na dada yangu Gaju, kwani kichaka chake kilikuwa kinakauka. Wagonjwa wake wa ini bado walinigongea mlango, maana mimi ndiye niliyejifunza kazi. Gaju hata jina la dawa hakulijua. Basi nikaenda kwake Kabuga na hasira zangu.

Uani kwake kichaka kilinifika kifuani, kimejaa mbegu. Gaju alisema alizisugua zake kwenye jiwe, akazifukia, basi. Akanicheka kwamba mganga hajigangi, akaanza kunichumia nyingine. Mama mdogo Uwimana, aliyekuwa ameketi barazani, akaomba aone moja ya zangu. Nikatoa mfukoni moja iliyobaki, nikaipasua kwa kisu. Kiini kilikuwa cha kahawia, kimesinyaa.

"Hii ilipikwa," akasema.

Nikamwambia hiyo sikuwa nimeigusa, ilikuwa vile vile alivyonipa mama. Akashika kichwa.

"Kwetu mbegu nzima tunapa mutoto wa tumbo tu. Mutu mwingine, hata ukimupenda namna gani, tunapika kwanza. Dada yangu alizipika analia, Arnaud. Nilikuwa hapo."

Nikakaa chini. Mtu mzima na ndevu zangu! Nilimwogesha mama yule, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamzika. Nilitaka kuuliza ni nani aliyenizaa, lakini niliogopa jibu, nikauliza kama Gaju alijua. Hakujua. Alikuwa amesimama pale mdomo wazi, kiganja kimejaa mbegu.

Nikamnyooshea mkono. Gaju akamtazama mama mdogo. Mama mdogo akatikisa kichwa kukataa. Dada yangu akaanza kulia, akazitia mbegu zote mfukoni mwake.