Sheria ya Maji

"Kunywa," Ndinda alisema kwa mara ya pili, kikombe akiwa amekishika mbele ya kifua cha Deeq.

Deeq, mtoto wa miaka tisa mwenye miguu myembamba na jezi iliyomfika magotini, alitazama kando. Wenzake walikuwa wameshakunywa. Walisimama mstari nyuma ya dumu la njano, wakijipangusa midomo kwa mikono, wakingoja kipenga. Upande wa pili wa uwanja timu ya Kilonzo, kocha mwenzake, ilikuwa ikirukaruka kupasha miguu moto. Jua la saa tisa lilikuwa limeukausha uwanja ule wa nyuma ya soko la mifugo, na kila mtoto aliyepiga hatua aliinua vumbi lake.

"Sina kiu, kocha."

"Sijakuuliza kama una kiu. Sheria inasema nini?"

"Asiyekunywa hachezi!" wengine wakaitikia kwa pamoja, kwa furaha ya watu ambao sheria haijawagusa.

Ndinda alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Mwalimu Musyimi alipotafuta vijana wa kuongoza timu za watoto kila Jumamosi hapo Mwingi, walijitokeza wengi. Alipowaambia kwamba ni kazi ya kujitolea na malipo ni fulana ya kijani, wengi wakakumbuka kwamba Jumamosi huwa wana shughuli nyumbani. Ndinda alibaki. Akapewa fulana, akapewa watoto, na akaambiwa neno moja tu: timu ni yako. Mwalimu mwenyewe aliketi nje ya mstari wa majivu, na hata watoto wakigombana hakuinuka. Wazazi wengine walisema ni uvivu.

Sheria ya maji ilikuwa ya Ndinda mwenyewe. Muhula uliopita mtoto mmoja, Mwau, alianguka katikati ya mchezo, macho yamegeuka meupe, naye Ndinda akambeba mgongoni hadi zahanati akiamini amebeba maiti. Mwau alizinduka akaomba soda. Lakini ile safari haikumtoka Ndinda. Jumamosi iliyofuata alikuja na dumu na kikombe, akatangaza sheria, na watoto wakatii. Nyumbani kwao, katikati ya ndugu wengi, angeweza kusema uji unamwagika na asigeuke mtu. Hapa alisema neno, na watoto wakapanga mstari. Alilipenda jambo hilo, tusidanganyane.

"Si juzi Jumamosi ulikunywa?" alimuuliza Deeq. "Leo ni nini? Ni madharau?"

Alijua kwamba ni Ramadhani. Nani Mwingi asiyejua? Baadhi ya hoteli za Waislamu zilishinda zimefungwa, na jioni sambusa zilijaa kando ya barabara ya Garissa, zikinunuliwa na Wakamba kana kwamba wao ndio waliofunga. Lakini watoto wa umri wa Deeq alikuwa amewaona miaka yote wakitafuna biskuti mchana kweupe mwezi huo huo. Wanaofunga ni wakubwa. Ndivyo alivyojua, na hakuona haja ya kuuliza.

"Kocha, wacha tu nicheze."

"Kunywa, ama ukae chini."

Deeq aliutazama uwanja. Alikuwa beki, na hapakuwa na mwingine wa kumkaba mshambuliaji wa Kilonzo. Wote walijua hivyo, hata yeye. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akawageuzia wenzake mgongo, akanywa. Alikirudisha bila kuinua macho, akakimbilia nafasi yake.

"Good," Ndinda akasema. Alijiona kiongozi kweli.

Walishinda. Deeq alicheza kwa hasira, akizuia kila mpira kama vile umemtukana, na kipenga cha mwisho kilipolia hakukumbatiana na mtu. Alipita kando ya zizi la mbuzi, akaenda zake peke yake.

Dada yake, Isnino, aliyekuwa darasa moja na Ndinda, alikuja mbio kutoka upande wa wasichana.

"Mbona Deeq analia? Mmemfanyia nini?"

"Analia? Si tumeshinda!"

Isnino akalitazama dumu, kisha kikombe. "Ndinda. Ulimpa maji?"

"Kila mtu hupewa."

"Leo alikuwa anafunga siku nzima! Hizo zingine zote alikuwa anafunga nusu, ikifika saa sita anakula. Leo ndio alisema atamaliza. Aliamka daku mwenyewe, hakuna mtu alimwita."

"Si angeniambia!"

"Angekuambia aje? Hooyo, mama yetu, alimwambia asiende akijigamba kwa watu. Alisema ukifunga, unafunga ukinyamaza."

Ndinda alikitua kikombe chini. Hasira ilimjia kwanza, hasira ya mtu anayetafuta wa kumlaumu, na kila alikogeuka alijikuta yeye mwenyewe. Akamwendea Mwalimu Musyimi, akamweleza yote, akamwomba waende pamoja nyumbani kwa kina Deeq.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Sheria ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na timu?"

Ndinda aliinamisha macho kwenye fulana yake ya kijani.

"Mimi nitakusaidia kubeba dumu," Mwalimu akasema, akaliinua, akaondoka nalo.

Kabla ya magharibi Ndinda alikuwa mlangoni kwa Rahmo, mama yake Deeq, nyuma ya duka lake la nguo. Njia nzima alikuwa akiogopa kwamba Deeq hatarudi tena uwanjani, na kwamba hata akirudi, hatamtazama tena usoni. Alibisha hodi akitumaini hakuna mtu.

"Kocha! Ingia, ingia!" Rahmo alimvuta mkono. "Umekuja siku nzuri. Kijana yangu leo amemaliza siku nzima. Nzima, kama mtu mkubwa!"

Deeq alikuwa ameketi kwenye mkeka, amevaa kanzu nyeupe, nyanyake akimpapasa kichwa. Mbele yao palikuwa na sinia la sambusa na tende, na tende moja alikuwa ameishika tayari mkononi. Isnino alikuwa anatazama mkeka. Basi hawakuwa wamemwambia mama yao. Deeq alimwona Ndinda, na uso wake ukabadilika. Alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha kuonwa na mtu mmoja.

Ndinda angeweza kunyamaza. Alitaka sana kunyamaza. Mtoto yule hakuwa amewahi kumwomba chochote isipokuwa kucheza, na sasa alikuwa akimwomba hili. Lakini alimwangalia jinsi alivyokuwa akisifiwa, mabega yake yakizidi kushuka kwa kila sifa, na akaona kwamba uongo ule ni yeye aliyemtwisha.

"Mama Isnino," alisema. "Mimi ndio nilimnywesha maji. Saa tisa. Alikataa, nikamwambia hatacheza. Makosa si yake. Ni yangu."

Adhana ikaanza wakati uo huo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Deeq aliirudisha tende kwenye sinia, taratibu, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Rahmo alimgeukia Ndinda. "Wewe umezaliwa hapa Mwingi. Hujui watu wetu wanafunga?"

"Nilidhani watoto hawafungi. Sikumuuliza."

"Hukumuuliza," Rahmo akarudia. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akamwambia Isnino ampe mgeni tende. Ndinda aliipokea kwa mikono miwili.

"Kesho kuna mpira?"

"Hapana. Kesho ni kanisa."

"Basi kesho atafunga tena. Namjua huyo, ana kichwa ngumu. Asubuhi hana shida. Shida ni kuanzia saa kumi mpaka magharibi. Analia, anarusha viatu. Mimi niko jikoni, sina nafasi. Wewe utakuja ukae na yeye."

Hakuwa akiomba.

"Na kama hataki kuniona?"

"Hatataka," Rahmo akasema, akachukua tende yake. "Wewe kuja tu."

Siku ya pili Ndinda alitoka kanisani, akashinda nyumbani bila utulivu, na saa kumi ilipofika akaenda akiwa bado na gauni la Jumapili. Alimkuta Deeq uani, amekaa chini, ameegemea ukuta wa jikoni, midomo imempauka. Viatu vyake vilikuwa mbali, kimoja kule na kingine kule. Alipomwona, akageuza uso.

Ndinda alikuwa amepanga maneno njia nzima. Angeomba msamaha kwanza, kisha angemweleza kwamba sheria itabadilika, kwamba kuanzia sasa atamuuliza kila mtoto kabla ya kuamua. Yalikuwa maneno mazuri. Akavuta pumzi.

"Deeq, nilitaka kukuambia..."

"Usiongee."

"Sawa, lakini..."

"Ukiongea nasikia kiu."

Ndinda akafunga mdomo. Akaketi juani, hatua chache kutoka kwake, akakunja gauni lake chini ya magoti. Jikoni mafuta yalikuwa yakilia ndani ya karai, na harufu ya sambusa ilitoka kwa dirisha ikawapitia wote wawili. Deeq alifumba macho. Ndinda alitaka kumwambia ajikaze, kwamba saa zimeisha, kwamba yeye ndiye beki bora kuliko wote. Hakusema. Jasho lilimteremka shingoni, naye alikaa hivyo hivyo, akitazama chini.

Kivuli cha ukuta kilikuwa chembamba, na Deeq alikuwa amekaa katikati yake. Baada ya muda mrefu Deeq, bila kufumbua macho, akasogea upande mmoja, na pembeni yake, kivulini, pakabaki nafasi ya mtu. Hakusema ni ya nani.